MTO HAUUZI SHAMBA LAKE

Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa Kigamboni juu ya mabonde ya mito na nyumba zetu



Sikuja kuwasomea maneno ya mapambo. Nimekuja kuzungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni ile ardhi ya tambarare iliyo kando ya mito yetu, ambayo sisi huiita bondeni. Nataka tuulizane maswali matatu. Ardhi hiyo ni ya kazi gani? Nani anaiuza? Na sisi watu wa Kigamboni tutafanya nini nayo, wakati bado tuna nafasi ya kuchagua?

Nasema "wakati bado tuna nafasi" kwa sababu wenzetu wa ng'ambo ile ya bandari nafasi hiyo iliwapita, na kuirudisha kumewagharimu sana. Nitawaeleza habari zao baadaye kidogo. Kwanza tuutazame mto wenyewe.

MTO NA SHAMBA LAKE

Watu wengi hudhani kwamba mto ni ule mkondo wa maji unaoonekana wakati wa kiangazi. Huo ni nusu tu ya mto. Mto una nyumba, na mto una shamba. Nyumba yake ni ule mkondo ambao maji hukaa siku zote. Shamba lake ni ile tambarare ya kulia na kushoto, ambayo wakati wa kiangazi ni kavu, mbuzi wanachunga na watoto wanacheza mpira. Masika ikija na nguvu, maji hayatoshi tena nyumbani, basi mto hutoka ukaenda shambani kwake. Sisi tukiuona shambani tunapiga kelele kwamba mto umetuvamia.

Tena, tambarare ile haikuja hivi hivi. Kila mara mto ufurikapo huteremka na udongo kutoka vilimani. Maji yakifika mahali papana hupunguza mwendo, na yakipunguza mwendo huuachia udongo chini. Mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka, mahali pale hujazwa na kusawazishwa. Ndiyo sababu bondeni ni sawasawa kama sakafu, na ndiyo sababu mchicha wake ni mnene. Kwa hiyo, ndugu yangu, dalali akikwambia, "Tazama kiwanja kilivyo sawa, hutakuwa na gharama ya kusawazisha," mwulize ni nani aliyekisawazisha. Asipojua jibu, wewe umekwisha kulijua.

Shamba hili la mto linatufanyia sisi kazi. Maji yakitawanyika juu yake hupoteza nguvu, na sehemu yake hunywewa na ardhi ikarudi visimani. Mchanga na tope hubaki pale badala ya kuziba madaraja. Watu wa chini ya mto hupata maji kidogo kidogo, hawaangukiwi nayo yote kwa saa moja. Lakini mtu akija akamwaga kifusi, akainua msingi wake na kuzungusha ukuta, maji yale hayafi. Yanakwenda kwa jirani. Na jirani naye akimwaga kifusi, yanakwenda kwa jirani wa pili, mpaka yamfikie yule asiyekuwa na fedha ya kununua hata lori moja la kifusi. Huyo ndiye hubeba mzigo wa wote.

WATU WA RUFIJI WALILIJUA HILI

Msifikiri kwamba elimu hii imetoka Ulaya. Kusini yetu, katika mkoa wa Pwani, uko Mto Rufiji, nao una bonde kubwa kupita mabonde yote ya pwani hii. Kwa miaka mingi watu wa kule walilima kwa kufuata maji. Mpunga waliupanda mapema, nao ukakua pamoja na mafuriko. Maji yalipopungua walipanda mahindi na mazao mengine katika tope lenye unyevu lililoachwa nyuma, na kilimo hicho chaitwa mlau. Huko mashambani walijenga madungu, yaani vibanda vilivyosimama juu ya nguzo, ili mtu alale juu akilinda mazao yake, na maji yakija yapite chini. Hawakuyaita mafuriko adui. Mwaka ambao mto haukutoka nje ulikuwa mwaka wa njaa.

Lakini mafuriko ya mwaka 1968 yalikuwa makubwa mno, na baada yake Serikali ikafanya Operesheni Rufiji. Watu waliondolewa bondeni wakapelekwa kwenye miinuko, katika vijiji vya ujamaa kama Ikwiriri. Kuwatoa watu kwenye hatari ni jambo jema. Hata hivyo nyumba zilikwenda juu na mashamba yakabaki chini, na safari kati ya nyumba na shamba ikawa ndefu. Basi wengi wakawa wanarudi bondeni kila msimu, wakikaa madunguni muda mrefu kwa sababu chakula chao kilikuwa kule.

Tukumbuke fundisho hilo, maana tutalihitaji. Ukimhamisha mtu lakini riziki yake ukaiacha alikotoka, hujamhamisha. Umemwongezea safari tu.

Mwezi wa Aprili 2024 Rufiji ilifurika tena, ikafunika nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini, na kwamba watu wapatao 200,000 walikuwa wamepata madhara. Wakati huo Bwawa la Julius Nyerere lilikuwa limekwisha kujengwa juu ya mto huo huo, bwawa la umeme wa megawati 2,115. Bwawa laweza kuyachelewesha maji, lakini likijaa hapana budi lifunguliwe. Hakuna bwawa linalofuta shamba la mto.

JANGWANI

Sasa turudi mjini, kwa wenzetu niliowataja mwanzoni. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, ukapita katikati ya mji wa Dar es Salaam mpaka baharini. Bonde lake pale Jangwani ni pana sana. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde hilo kuwa ardhi ya hatari isiyofaa nyumba. Maneno yaliandikwa vizuri katika kitabu na ramani ikachorwa. Lakini ramani ilikaa ofisini, na bonde likabaki wazi karibu na Kariakoo, karibu na soko, karibu na kila kibarua. Mtu aliyetoka shamba kutafuta kazi akaona ardhi tupu, akaambiwa bei ni nafuu, akajenga. Baada ya nyumba kukaja umeme, baada ya umeme kukaja maji ya bomba, na wengine walipewa hata leseni za makazi. Mtu aliyepewa hayo yote atajuaje kwamba amekaa pasipokaliwa?

Mwezi wa Desemba 2011 mvua ilinyesha ambayo wakuu wa hali ya hewa walisema haijapata kuonekana Dar es Salaam tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Maelfu wakabaki bila makazi, na maji ya vyoo yakachanganyika na maji ya kunywa. Serikali ikawapa waliopatwa na msiba viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa ya mji. Wako waliokwenda wakajenga maisha mapya, na nawapongeza. Lakini wako waliorudi Jangwani, kwa sababu kutoka Mabwepande kuja Kariakoo kubeba mzigo au kuuza chai nauli peke yake yala faida yote. Mnaona? Ni jambo lile lile la Rufiji.

Mvua za 2014 zikaleta msiba mwingine. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba za bondeni zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, matingatinga yakaja, na wananchi wengine wakakimbilia mahakamani. Hata kituo cha mabasi yaendayo haraka, kilichojengwa pale pale Jangwani, kimefunikwa na maji mara nyingi na mabasi yakaharibika. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba wanaojenga mabondeni ni maskini wasiosoma tu. Hata wenye wahandisi wamejenga.

Mwisho wake ni nini? Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha nchi yetu dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi. Nyumba zimethaminiwa, watu wamelipwa fidia, nyumba zimebomolewa, na sehemu ya bonde itarudishwa kuwa mahali pa wazi pa kupokea maji. Yaani tunakopa mamilioni ya dola ili kuupa mto shamba lake ambalo mwaka 1979 tulikuwa nalo bure. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta, kisha tumelipa wa kuubomoa.

NA HAPA KWETU JE?

Sasa nasema juu ya Kigamboni. Zamani bahari ilitulinda. Mtu alifika huku kwa pantoni kutoka Magogoni, au kwa barabara ndefu ya kuzunguka Kongowe. Mwezi wa Aprili 2016 Daraja la Nyerere lilifunguliwa kati ya Kurasini na Vijibweni, na katika muda huo huo tukatengwa na Temeke tukawa wilaya peke yetu. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini daraja halichagui wa kupita. Wamepita wafanyakazi na wafanyabiashara, na wamepita madalali. Katika sensa ya 2012 watu wa eneo hili walikuwa zaidi kidogo ya 160,000. Katika sensa ya 2022 walikuwa zaidi ya 317,000. Katika miaka kumi tumekuwa karibu maradufu. Watu hawa wanataka mahali pa kulala, na ardhi ya juu bei yake inapanda kila siku. Msidhani kwamba bonde litaachwa.

Tazameni jinsi tulivyokaa. Mito miwili, Kizinga na Mzinga, inateremka kutoka upande wa Kisarawe na Mkuranga, ikapita Mbagala na Kongowe, na yote miwili huishia katika mkono wa bahari unaotutenga na Temeke. Huku kwetu nako viko vijito vingi visivyoandikwa katika ramani kubwa, ambavyo kiangazi havina tone na masika havivukiki. Mambo mawili yanaifanya hali yetu kuwa tofauti na ya Jangwani, nayo mvuvi anayajua kuliko mhandisi.

La kwanza ni bamvua. Bahari ikijaa wakati wa bamvua, maji ya mto hayana pa kutokea. Yanasimama mlangoni yakingoja bahari ipwe. Mvua kubwa ikiangukia saa ile, maji ya mto hurudi nyuma na kutanda juu ya tambarare yote. Mtu aliyenunua kiwanja wakati wa maji mafu hajakiona kiwanja chake.

La pili ni mikoko. Mikoko ya huku na ya Mtoni Kijichi hushika tope, huvunja nguvu ya wimbi, na samaki wadogo na kamba hukulia ndani yake. Anayekata mikoko apate kuni za wiki moja, au amwage kifusi apate kiwanja, amefungua mlango wa bahari kwa nyumba za wenzake. Na anayechimba mchanga mtoni usiku anapanua kingo, hata nyumba iliyokuwa mbali na mto hujikuta pembezoni. Nyumba kama hiyo haikuufuata mto. Mto uliletwa mlangoni kwa majembe ya watu.

NANI ANAIUZA ARDHI HII?

Hapa nitasema waziwazi. Mafuriko yakija sote husema, "Ni mvua." Ni kweli mvua ndiyo iliyonyesha, lakini mvua haikuuza kiwanja. Mvua haikuandika karatasi ya mauziano wala haikugonga muhuri.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya 1999 yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza ardhi kuwa ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Mita 60 ni kipimo cha sheria, na ni kipimo kizuri, lakini mto haupimi kwa futi kamba. Bonde la Msimbazi pale Jangwani linazipita mita 60 mara nyingi. Kwa hiyo mtu asijifariji kwamba ameacha mita 61.

Sheria ipo, na kiwanja kinauzwa. Mwenye shamba la mpunga anakata vipande kwa sababu ana shida ya fedha. Dalali anachukua chake. Shahidi anatia sahihi. Kiongozi wa mtaa anagonga muhuri, na muhuri ule kwa mnunuzi ni sawa na neno la Serikali. Miaka inapita, maji yanakuja, na wale wote hawaonekani. Anayebaki juu ya bati na watoto wake ni mnunuzi peke yake, naye ndiye anayeitwa mvamizi. Ndugu zangu, hiyo si haki. Nyumba ya mtu maskini ndiyo benki yake. Ameweka ndani yake fedha ya mihogo, fedha ya vitumbua, fedha ya samaki, tofali moja moja kwa miaka kumi. Ikianguka, hana benki nyingine.

MASWALI NINAYOYASIKIA

Yuko atakayeniambia, "Sina fedha ya kununua juu, bondeni ndipo ninapoweza." Namwelewa. Lakini bei nafuu ya bondeni ni mkopo, nawe utaulipa kila masika. Mwaka huu utalipa godoro na gunia la unga, mwaka ujao mlango na daftari za watoto, mwaka wa tatu dawa ya kipindupindu. Ukijumlisha, utaona kwamba bondeni ni ghali kuliko juu. Ndiyo sababu nasema watu wasinunue mmoja mmoja. Nunueni kwa ushirika. Kaya ishirini zikiunganisha fedha zao zaweza kununua eka juu, zikamlipa mpima ardhi mmoja, na kila mmoja akapata kiwanja chenye bikoni na hati. Dalali hupenda mnunuzi aliye peke yake.

Wa pili atasema, "Mimi nimekaa hapa miaka kumi na mitano, maji hayajanifikia." Jawabu langu ni hesabu. Kutoka 1954 mpaka 2011 ni miaka 57. Mtu aliweza kuzaliwa, akakua, akajenga na kupata wajukuu pale bondeni, asione maji ya namna ile hata siku moja, kisha yakaja usiku mmoja. Sisi tunahesabu kwa umri wetu, na mto una hesabu yake. Na siku hizi, kwa kuwa dunia na bahari zinazidi kupata joto, mvua nzito zinazidi. Hatuna sababu ya kudhani kwamba tutangoja miaka 57 mingine.

Majina nayo ni mashahidi. Wazee wetu hawakutoa majina kwa mchezo. Mahali paitwapo Mtoni ni mtoni. Kule Msasani, katika wilaya ya Kinondoni, pako mahali paitwapo Bonde la Mpunga. Mpunga umekwenda, nyumba zimekuja, lakini maji hayakuambiwa. Ukitaka kununua kiwanja, uliza kwanza jina la zamani la mahali pale, na umwulize mzee asiyepata kitu katika mauzo.

Wa tatu atasema, "Serikali ijenge ukuta kando ya mto." Nchi ya Uholanzi ina kuta nyingi za maji, na imezijenga kwa mamia ya miaka. Hata hivyo mwaka 1995 mito yake ilipanda hata watu wapatao 250,000 wakahamishwa kwa hofu kwamba kuta zitavunjika. Wakuu wa kule walikaa wakafikiri, na baadaye wakafanya mpango wa kuzirudisha kuta nyuma mahali pengi ili mito ipate nafasi. Ikiwa mabingwa wa kuta, tena matajiri, wameamua kuuachia mto shamba lake, sisi tutashindana nao kwa kifusi?

Wa nne, naye ndiye mwenye uchungu zaidi, atasema, "Serikali ilituambia 2008 kwamba utajengwa Mji Mpya wa Kigamboni. Tukazuiwa kujenga na kuendeleza maeneo yetu, tukangoja, na mji ule haukuja kama ulivyotangazwa. Leo mnatuambia tena tusijenge?" Ndugu yangu, manung'uniko yako ni ya haki. Mtu aliyengojeshwa mara moja hana wajibu wa kuamini mara ya pili bila kuonyeshwa. Lakini tenganisha mambo haya mawili. Ramani ya ofisini yaweza kubadilishwa na mkuu mwingine. Ramani ya mto haibadilishwi na mkuu yeyote. Na kwa sababu hiyo hiyo tunaidai Manispaa isituletee mpango uliokwisha kupikwa. Ilete wapima ardhi, nasi tulete wazee. Wazee waonyeshe maji yalifika wapi, na wapima waandike.

TUFANYE NINI?

Nitasema mambo manne, nanyi mtayajadili mitaani kwenu.

Kwanza, alama ziwekwe chini, si katika karatasi tu. Nguzo za zege zisimame mahali maji yalipofika, zipakwe rangi, ili mtoto wa shule aweze kuzihesabu. Na ramani ibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, mlangoni, mahali ambapo mnunuzi ataiona kabla hajatoa fedha. Bei ya nguzo hizo ni ndogo sana ukiilinganisha na kulipa fidia na kubomoa.

Pili, muhuri usigongwe. Kiongozi wa mtaa anayeshuhudia mauzo ya kiwanja cha nyumba bondeni ameshuhudia msiba. Wananchi ndio waliomchagua, na wananchi wanaweza kumwuliza katika mkutano wa mtaa: mwaka huu umegonga mihuri mingapi, na kwa viwanja vya wapi?

Tatu, bonde lisiachwe tupu. Ardhi tupu mjini ni mwaliko, na Jangwani imetufundisha hivyo. Bonde lipewe kazi na wenyewe: bustani za mchicha na bamia, mpunga, viwanja vya mpira, malisho, na mikoko kule chini. Vikundi vya vijana na akina mama vipewe haki ya kulima kwa maandishi, kwa masharti kwamba hakuna nyumba. Mtu anayekula kutokana na bonde atalilinda kuliko askari. Na mwenye shamba aliyezuiwa kuuza viwanja apate njia nyingine ya kufaidi ardhi yake, maana hatuwezi kumwambia mtu alinde usalama wa mji mzima kwa njaa ya watoto wake.

Nne, wale ambao wamekwisha kujenga wasitendewe kama wezi. Wahesabiwe, waonywe mapema, na wakihamishwa wahamishwe karibu na kazi zao, kwa fidia inayotosha kujenga tena. Rufiji na Mabwepande zinatosha kuwa walimu wetu. Na mpaka siku hiyo ifike, kila mtaa uwe na watu wa kuangalia maji usiku wakati wa masika, na kila nyumba ijue ni mlima gani wa kukimbilia na ni nani wa kumbeba mzee asiyetembea.

Na ninyi mnaotaka kununua, nawaomba jambo jepesi. Nendeni mkakione kiwanja mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, na mkione tena siku ya bamvua. Tazameni kama pana matete. Tazameni mashina ya minazi kama yana mstari wa tope. Shikeni udongo: ukifinyangika kama wa kutengenezea vyungu, hapo maji hukaa. Ukaguzi huo hauna ada.

Ndugu wananchi, miji mingi hupata akili baada ya mazishi. Sisi tumepewa bahati ya kuona mazishi ya wengine kabla ya kujenga. Nyumba za Kigamboni zijazo, nyumba za wajukuu wetu, bado hazijawekewa tofali la kwanza. Tunaweza leo kuamua zitasimama wapi. Tukiamua vizuri, mto utatoka masika nyumbani kwake, utakwenda shambani kwake, utaacha udongo wake, utarudi, nasi asubuhi tutateremka na majembe kupanda. Tukiamua vibaya, watoto wetu watakuja kukopa fedha ya kubomoa.

Nimemaliza. Nawatakia masika ya salama, na sasa nangoja maswali yenu.